Utumbo Usiosukuma na Kope Zinazoteremka: Damu Ipimwe Kabla ya Kisu

SWALI: Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23. Kwa miaka sita sasa tumbo lake hujaa gesi na kunguruma hata aliye chumba cha pili akasikia, na akila kidogo tu hutapika. Amekonda mno. Mwaka jana alipasuliwa kwa kudhaniwa kuwa utumbo umeziba, lakini hakikukutwa kitu cha kuuziba. Tangu hapo kope zake zimeanza kuteremka na miguu inamfa ganzi. Daktari wa mishipa ya fahamu hapa Mombasa ametuambia huenda ni ugonjwa wa mitokondria, akataja utafiti wa Daktari Hirano wa New York. Baba na mama yetu ni mabinamu. Ugonjwa mmoja unawezaje kushika tumbo, macho na miguu kwa pamoja? Na je, tumpeleke New York? Mimi ni dada yake mkubwa.

JIBU: Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo litakalowagharimu: msikate tiketi bado. Kinachopaswa kusafiri kwanza ni mililita chache za damu ya mdogo wako, na majibu ya damu hiyo ndiyo yatakayoamua kama safari ya mgonjwa mwenyewe ina maana, aende wapi, na kwa haraka gani. Nikishasema hivyo, nina deni la kukueleza kwa nini kipimo kimoja cha damu kinaweza kuwa na uzito kuliko upasuaji aliokwisha kufanyiwa tumboni mwake, na hapo ndipo kazi ya mtafiti uliyetajiwa inapoingia.

Ugonjwa ambao bila shaka daktari wenu anaushuku hujulikana duniani kwa kifupi cha MNGIE, herufi ambazo Mswahili akizisoma zinasikika kama mtu anayekaribishwa ndani. Zinasimama badala ya jina refu linalotaja mitokondria, neva, tumbo, utumbo, ubongo na misuli, na urefu huo wa jina ni ushahidi wa jinsi madaktari walivyohangaika nao. Wagonjwa wa namna hii walikuwa wameandikwa Japani mwaka 1976 na Ujerumani mwaka 1987, kila kundi likiwapa jina kulingana na kiungo lilichokitazama. Mwaka 1994 Michio Hirano, mtaalamu wa neva wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, pamoja na Salvatore DiMauro na wenzao, walikusanya wagonjwa hao na kuonyesha kwamba huo ulikuwa ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Mwaka 1998 walifuatilia chanzo chake katika familia kadhaa hadi kwenye ncha ya kromosomu ya 22. Mwaka 1999 Ichizo Nishino, Antonella Spinazzola na Hirano wakaitaja jeni yenyewe, ambayo leo huandikwa TYMP.

Jeni hiyo ndiyo iliyobadilisha kila kitu, na ili uone sababu, inatubidi tushuke hadi ndani ya seli. Mitokondria ni vyumba vidogo ndani ya seli ambamo chakula hugeuzwa kuwa nguvu. Vyumba hivyo vina DNA yao wenyewe, fupi sana, yenye herufi 16,569 na jeni 37 tu, ambayo hunakiliwa mchana na usiku hata katika seli ya neva au ya msuli ambayo haigawanyiki tena. Kunakili kunahitaji aina nne za matofali, na moja ya malighafi za matofali hayo ni kemikali iitwayo thimidini. Kwa mtu mwenye afya, thimidini inayobaki huvunjwavunjwa na kimeng'enya ambacho jeni ya TYMP ndiyo inayokitengeneza, kiasi kwamba kwenye damu yake haipimiki. Aliyerithi jeni mbovu kutoka kwa baba na kwa mama hana kimeng'enya hicho, au anacho kwa kiasi kidogo mno, na hapo thimidini pamoja na dada yake deoksiuridini hujaa katika damu kama maji katika mtaro ulioziba.

Unaweza kuuliza kuna ubaya gani wa kuwa na matofali mengi. Ubaya uko kwenye uwiano. Fikiria mafundi wanaojenga ukuta kwa aina nne za tofali zinazopangwa kwa zamu, kisha lori likamwaga shehena nzima ya aina moja mlangoni, hata aina nyingine zikakosa njia ya kupita. Ndivyo inavyokuwa ndani ya mitokondria: herufi T, ile itokanayo na thimidini, inakuwa tele, herufi C inakuwa adimu, nakala zinatoka pungufu, nyingine zina vipande vilivyokatika na nyingine zina makosa ya herufi mojamoja. Baada ya miaka kumi au ishirini ya kunakili kwa namna hiyo, seli zinazotegemea nguvu nyingi huanza kuchoka, na dalili huanza kuonekana. Ndiyo maana kijana huzaliwa mzima, akasoma shule kama wenzake, kisha akaanza kuharibikiwa akiwa katika miaka ya ujana. Katika kundi la wagonjwa 35 lililoelezwa na Nishino, Hirano na wenzao mwaka 2000, wastani wa umri wa kuanza dalili ulikuwa miaka 18 na ushee. Mdogo wako, ukihesabu nyuma, alianza akiwa na 17.

Sasa swali lako la tumbo, macho na miguu. Utumbo hausukumi chakula kwa uzito wake. Una wafanyakazi wa aina tatu wanaopaswa kuelewana. Kuna misuli laini iliyopangwa tabaka mbili, moja ikizunguka utumbo na nyingine ikienda kwa urefu wake. Kuna mtandao wa neva uliofumwa katikati ya tabaka hizo. Na kuna seli za Cajal, zilizopewa jina la mwanasayansi Mhispania Santiago Ramón y Cajal, ambazo hupiga mdundo kama mpiga ngoma anayewaongoza wachezaji: takriban mara tatu kwa dakika kwenye tumbo la chakula, na takriban mara kumi na mbili mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Tishu za utumbo za wagonjwa wa MNGIE zilipochunguzwa zilionyesha kwamba tabaka la nje la misuli limenyauka na kuingiwa na makovu, DNA ya mitokondria zake imepungua sana, na seli za Cajal zimekuwa chache. Kwa hiyo chakula kinakaa palepale, kinachacha, gesi inajaa, tumbo linanguruma, na picha ya eksirei inaonyesha utumbo uliovimba kana kwamba umezibwa, ilhali njia iko wazi kabisa. Daktari wa upasuaji aliyempasua mdogo wako hakukuta kizuizi kwa sababu hakikuwapo.

Misuli inayoinua kope na kugeuza macho haipumziki mtu akiwa macho, kwa hiyo huumia mapema katika magonjwa mengi ya mitokondria. Neva ndefu zinazofika vidoleni mwa miguu nazo huharibika, hasa ule utando wa mafuta unaozifunika, na hapo ndipo ganzi na udhaifu wa nyayo huingia. Kipimo cha neva hizo kikifanywa peke yake, bila mtu kuuliza habari za tumbo, daktari anaweza kudhani kinga ya mwili ndiyo inayozishambulia, akaandika dawa za kutuliza kinga kwa miezi na zisifue dafu. Picha ya MRI ya kichwa nayo huonyesha weupe ulioenea sehemu kubwa ya ubongo. Picha hiyo huwatisha sana jamaa, lakini wengi wa wagonjwa hawa akili zao huwa timamu, kwa hiyo msije mkamtendea kijana kama mtu aliyeharibikiwa na akili kwa sababu ya karatasi ya MRI.

Jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo kiini cha kazi ya Hirano ni hili: msuli wa mwili, kwa maumbile yake, hautengenezi kimeng'enya hiki kwa kiasi cha maana hata kwa mtu mzima wa afya. Msuli wa mdogo wako hauumizwi na upungufu ulio ndani yake wenyewe. Unaumizwa na damu inayoupitia. Ugonjwa ulioonekana kama wa utumbo, au wa neva, au wa macho, kumbe ni wa sumu inayozunguka. Na ikiwa ni hivyo, mambo mawili yanafuata. Kwanza, unaweza kuugundua kwa kupima damu bila kukata kipande cha msuli wala cha utumbo. Pili, ukiweza kuweka kimeng'enya mahali popote ambapo damu hupita, unaweza kuisafisha damu yote, na viungo vilivyo mbali vikapata nafuu ya kutoendelea kuumizwa.

Tuanze na kipimo, maana ndicho kilicho mikononi mwenu. Thimidini katika plazima, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, ikizidi mikromoli 3 kwa lita, na deoksiuridini ikizidi mikromoli 5 kwa lita, kwa mtu mwenye dalili kama za mdogo wako, ugonjwa umethibitishwa. Vinginevyo hupimwa nguvu ya kimeng'enya katika chembe nyeupe za damu, ambayo kwa mgonjwa huwa chini ya asilimia 10 ya ile ya watu wazima wa afya, kisha jeni ya TYMP husomwa ili kujua kosa la familia yenu liko wapi. Maabara za kawaida hazipimi thimidini, kwa hiyo mwombeni daktari wenu aandikiane na maabara ya magonjwa ya kurithi ya kimetaboliki. Plazima hutenganishwa na damu, hugandishwa, na kutumwa ikiwa katika barafu. Mkojo wa mgonjwa nao huwa na kemikali hizi. Gharama ya kutuma kichupa haifanani hata kidogo na gharama ya kumsafirisha kijana aliyedhoofika.

Niseme pia, ili nisikupotoshe, kwamba si kila mwenye tumbo zito na ganzi miguuni ana ugonjwa huu. Katika pwani yetu sababu ninayoifikiria kwanza kwa mtu mzima ni kisukari cha muda mrefu, ambacho huchelewesha tumbo kumwaga chakula na huharibu neva za miguu. Kifua kikuu cha tumbo nacho hukondesha. Na kijana anayetapika na kukonda, hasa akiwa msichana, huweza kushukiwa kuwa anajinyima chakula kwa makusudi, hukumu ambayo wagonjwa wengi wa MNGIE wameibeba kwa miaka kabla ya ukweli kujulikana. Lakini kope zinazoteremka, ganzi, utumbo usiosukuma na wazazi wenye damu moja, vyote kwa kijana mmoja, ni mkusanyiko ambao singeupita bila kupima.

Kuhusu tiba sitakuficha hali ilivyo. Katika lile kundi la wagonjwa 35, wastani wa umri wa kufariki ulikuwa miaka 37 na ushee, na hao waliishi kabla ya tiba yoyote inayogusa chanzo. Baada ya jeni kujulikana, watafiti walijaribu kwanza njia nyepesi. Usafishaji wa damu kwa mashine ya figo hushusha thimidini, lakini baada ya muda mfupi hupanda tena kwa kuwa mwili unaendelea kuitengeneza. Kuongezewa chembe sahani za damu, ambazo zina kimeng'enya hiki kwa wingi, kulishusha viwango kwa siku chache tu, kwa kuwa chembe hizo haziishi muda mrefu. Hata hivyo jaribio hilo lilithibitisha wazo lenyewe: kimeng'enya kikiwa ndani ya damu, sumu hupungua.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupandikiza uboho, ili mgonjwa atengeneze damu yenye kimeng'enya maisha yake yote. Hirano na wenzake waliripoti matokeo ya kwanza mwaka 2006. Mwaka 2015 ikachapishwa hesabu ya wagonjwa 24 waliopandikizwa katika nchi mbalimbali kati ya mwaka 2005 na 2011, na kati yao 9 walikuwa hai. Namba hiyo inauma, lakini isomwe kwa makini. Waliosalimika walikuwa zaidi wale waliopata mtoaji anayelingana nao kikamilifu, na wale ambao hawakuwa na ugonjwa wa ini wala historia ya utumbo kuonekana kana kwamba umeziba kama ilivyomtokea mdogo wako. Kwa wengine kadhaa waliofariki, mwili ulikuwa umekwisha kudhoofika mno kuhimili dawa kali zinazotangulia upandikizaji. Mimi huisoma hesabu hiyo kama lawama kwa ucheleweshaji wa utambuzi kuliko lawama kwa tiba, ingawa najua wako wenzangu wanaoona hatari yake ni kubwa mno kwa mgonjwa yeyote aliyekonda.

Kwa sababu hiyo, macho ya wengi yamegeukia ini. Ini la mtu mwenye afya lina kimeng'enya hiki kwa wingi, na kupandikiza ini hakuhitaji kuuangamiza uboho wa mgonjwa kwanza. Madaktari wa Bologna, Italia, ambako Roberto De Giorgio na wenzake wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya utumbo usiosukuma, waliripoti upandikizaji wa ini wa kwanza kwa ugonjwa huu mwaka 2016, na thimidini ya mgonjwa ilishuka. London, kundi jingine limejaribu kukifunga kimeng'enya ndani ya chembe nyekundu za damu za mgonjwa mwenyewe na kumrudishia mwilini. Barcelona, Ramon Martí na wenzake wamewatibu panya kwa kuwapa jeni nzima kupitia virusi visivyodhuru. Huko kwenye panya kuna somo la unyenyekevu: ili kumpata panya mwenye thimidini iliyojaa, ilibidi watafiti wa Columbia waharibu jeni mbili, maana panya ana kimeng'enya cha ziada, na hata baada ya hapo panya alionyesha athari kwenye ubongo lakini utumbo wake haukuugua kama wa binadamu.

Hebu nikupe jambo moja ambalo pengine litakushangaza, maana wapo watakaokutumia habari zake kwenye simu. Hirano huyohuyo ameongoza kazi ya ugonjwa mwingine, upungufu wa kimeng'enya cha TK2, ambao hulegeza misuli ya watoto na watu wazima kwa sababu mitokondria zao zina njaa ya matofali yaleyale. Wagonjwa hao hupewa thimidini na deoksisitidini kwa mdomo, na wengi wao wamepata nguvu. Kwa hiyo kilicho dawa kwa mmoja ni sumu kwa mwingine. Mkiambiwa kwamba kuna dawa mpya ya misuli ya mitokondria iliyotoka Marekani, msiinunue wala msiagize mtu awaletee kabla ya kujua ni ugonjwa upi hasa alio nao kijana.

Jambo hili la matofali halikosi historia huku kwetu. Watu wa makamo wanaikumbuka stavudini, dawa ya virusi vya UKIMWI iliyotumika sana Afrika Mashariki kabla Shirika la Afya Duniani halijashauri mwaka 2009 iachwe, na wanakumbuka jinsi ilivyowaachia wengi ganzi na moto wa nyayo. Stavudini ni thimidini ya bandia, na iliziumiza neva kwa kukwamisha unakili wa DNA ya mitokondria. Njia si ileile, lakini kiungo kilicholia kilikuwa kilekile.

Wakati mnasubiri majibu, yapo ya kufanya. Mdogo wako ale kidogokidogo mara nyingi, chakula laini na cha majimaji, na apimwe uzito kila wiki, kwa sababu uzito ukiendelea kushuka atahitaji kulishwa kwa mpira unaofika kwenye utumbo mwembamba, au kwa mshipa wa damu ikibidi. Daktari anaweza kumpa dawa ya kichefuchefu, na antibiotiki kwa vipindi ikiwa bakteria wamezidi katika utumbo uliotuama. Kila daktari atakayemwona aambiwe kwamba kuna shaka ya ugonjwa wa mitokondria, ili waepuke valproati, fenitoini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Na asipasuliwe tena kwa sababu ya uvimbe wa tumbo peke yake. Nasema peke yake kwa kusudi: wagonjwa hawa huota vijifuko kwenye ukuta wa utumbo, na kijifuko kikipasuka kunatokea maumivu makali ya ghafla, homa na tumbo kuwa gumu kama ubao. Hapo ni hospitali usiku huohuo, na kisu kinaweza kuwa ndicho kitakachomwokoa.

Umeandika habari za wazazi, na naona umeziandika kwa uzito. Ikiwa ni ugonjwa huu, kila mzazi amebeba nakala moja nzima ya jeni na moja mbovu. Nakala moja nzima inatosha kumwezesha mtu kuishi miaka yake yote bila dalili, kwa hiyo hawakuwa na njia ya kujua. Ndoa ya binamu huongeza uwezekano wa nakala mbovu ya babu mmoja kukutana na pacha wake, lakini ugonjwa huu umeonekana pia kwa watoto wa wazazi wasio na udugu wowote. Katika kila mimba yao uwezekano ulikuwa mmoja kati ya nne. Wewe, ikiwa huna dalili, una uwezekano wa mbili kati ya tatu wa kubeba nakala moja mbovu, jambo lisilokudhuru, lakini lenye maana ikiwa unakusudia kuolewa ndani ya ukoo. Wewe na ndugu zenu wengine mpimwe mapema kwa sababu nyingine: mkifika kwenye mazungumzo ya uboho, ndugu wa tumbo moja ndio wa kwanza kuulizwa, na aliyebeba nakala moja mbovu hakatazwi kutoa ikiwa kimeng'enya chake kinatosha, ila ndugu mgonjwa asiyejijua ndiye asiyefaa kabisa.

Majibu yakitoka, niandikie ukiwa na karatasi mkononi. Nitahitaji kiwango cha thimidini na cha deoksiuridini pamoja na vipimo vyake, uzito wa mdogo wako wa wiki hiyo, na majibu ya ini, kwa sababu ini lake ndilo litakalotuambia kama tuzungumze kwanza na watu wa uboho au na watu wa Bologna.